Njiwa wa Marehemu: Uza Tena

Mkono ule ulioinuka mbele ya ukumbi, mkono tuliouacha hewani wiki nzima, ulikuwa wa Terry Coxon, mkopeshaji. Waliokisia padri wamekosa. Waliokisia Keith, mume wa Bev, wawe na subira.

"Pauni hamsini," alisema Terry, bila kumtazama mtu.

Bev Stobbs aliitambua sauti ile mara moja. Mtu anayekudai akija mnadani kwako, akakaa kiti cha mbele na kuanza kununua, hakuja kwa heri.

Kwa aliyelikosa gazeti, mambo yako hivi. Baba yake Bev, Mzee Norman Heslop, mchimba makaa wa zamani wa Craghope, alifariki kabla ya Krismasi. Nyumba aliyoishi ilikuwa ya kupanga. Benki hakuwa na kitu. Alichomwachia binti yake wa pekee ni njiwa arobaini wa mashindano, na wafuga njiwa wenzake wakasema lazima wauzwe kabla ya msimu wa kuwapanga wawili wawili, dume na jike, ili wazae.

Bev na Keith wanaishi kwa posho ya serikali tangu mgongo wa Keith ulipoharibika kazini. Posho ndiyo inayolipa pango, ndiyo inayonunua mkate. Na posho ina mwiko mmoja. Mkononi mwako zikionekana pauni zaidi ya elfu kumi na sita, inakatwa yote. Wenye posho ya mpango wa zamani kama wao wakishakatwa, siku wakirudi kuomba, hawarudishwi pale walipokuwa. Wanapewa kidogo, na hicho kidogo wanakisubiri.

Bev aliwapigia simu ofisini. Baada ya kusikilizishwa muziki mpaka sikio likaota joto, kijana mmoja alimjibu kama anayesoma mahali: "Ukizigawa, mama, sisi tunahesabu bado unazo. Ukijipunguzia makusudi ili ubaki na posho, vilevile tunahesabu unazo."

"Na zikija zenyewe bila mimi kutaka?"

"Basi unazo."

Hata hivyo Bev hakuogopa sana. Njiwa wote, pamoja na bingwa wao, walikadiriwa pauni elfu saba, nane zikizidi sana. Angemlipa Terry Coxon deni la mazishi, angelipa malimbikizo ya pango, na kingebaki kiasi cha kununua jiko lisilovuja gesi. Hesabu safi kabisa, ila alisahau kitu ambacho binti wa mfuga njiwa hakupaswa kusahau.

Alisahau rambirambi.

Kule Craghope rambirambi haitiwi kwenye bahasha. Mfuga njiwa akifa, wenzake huja mnadani na kununua ndege wake kwa bei ambayo hakuna mwenye akili timamu angeitoa. Na anayetaka kumheshimu marehemu zaidi, akishanunua, husimama na kusema maneno mawili.

"Uza tena," alisema mzee mmoja aliyempata ndege wa kwanza kwa pauni mia na themanini, baada ya kumpiku Terry.

Yaani pesa natoa, ndege simchukui. Muuzeni upya, familia ipate mara mbili.

Ukumbi ulipiga makofi. Ossie Laidler, katibu wa klabu na dalali wa siku hiyo, aliifuta pua yake, akamrudisha njiwa mezani na kumuuza tena kwa mia mbili. Nyuma yake ule ubao mkubwa wa taa, unaotumika kuonyesha namba za mchezo wa bingo, ukaonyesha jumla.

"Wanampenda baba yako," Keith alimnong'oneza Bev. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Wapunguze kumpenda."

"Bev."

"Nakwambia wapunguze. Hujui kusoma ubao?"

Keith alikijua vizuri kilichoandikwa ubaoni. Lakini Keith ana yake. Miaka yote hii ukumbi mzima unaamini anaishi kwa fidia ya kampuni, maana ndivyo alivyowaambia. Asubuhi ile, akifunga tai, alimwambia mkewe bila kupaza sauti: "Ukitaja posho mbele ya wale wanaume, mimi Craghope nahama." Na juu ya Terry Coxon, ambaye Bev alimkopa peke yake wiki ya mazishi, aliapa kwamba hajawahi hata kusalimiana naye.

Basi Bev alifunga mdomo na kutumia akili.

Ndege wa tano alipotolewa kikapuni, Bev alisimama. "Huyo ana kikohozi, Ossie. Nisingependa kumuuzia mtu ndege mgonjwa."

"Maskini," akasema mama mmoja nyuma. "Wote wawili kifuani, yeye na Norman. Mia moja na hamsini."

"Mia mbili!"

"Uza tena."

Yule mama akampata aliporudishwa mezani, kwa mia na hamsini ileile. Ndege wa tisa, Bev alijaribu tena. "Jamani huyo ni bure kabisa. Baba alimpeleka mashindano matatu, mara zote alirudi kesho yake jioni. Mara moja alirudi kwa treni, ameletwa na mtu."

Ukumbi ulicheka mpaka bia zikamwagika. Albert Garrod, pande la mtu lililochimba makaa bega kwa bega na Norman, alisimama akijipangusa machozi. "Huyo ananifaa. Hata mimi hurudi nyumbani kwa kuletwa. Mia tatu."

Nani alaumiwe hapo? Bev alitamani kuwe na mtu mbaya ili amrukie na kumparura. Hapakuwa na mtu mbaya. Palikuwa na wazee wenye makoti yaliyochakaa viwiko, wengine wao wanalala na koti hilohilo ili wasiwashe joto la nyumba, na kila mmoja alikuwa anatoa akiba yake kumharibia maisha kwa mapenzi matupu.

Alimwendea Ossie wakati wa mapumziko, chakula kikitolewa.

"Ossie, tuishie hapa. Waliobaki nitawafuga mwenyewe."

"Utawafuga wapi, mwanangu? Banda la baba yako linabomolewa Jumatatu." Alimpigapiga begani. "Najua ni uchungu. Kaa ule. Janine, mpe Bev pai, na njegere umjazie."

Janine, binti yake Ossie, alichungulia dirisha la jikoni akiwa na aproni ya mama yake. Hufanya kazi mjini siku za wiki na kuja kumsaidia baba yake klabuni Jumamosi. Alimpa Bev sahani na tabasamu. "Pole, dada. Baba yako alinifundisha kushika njiwa nikiwa mdogo hivi."

"Asante, Janine."

Pai ile hakuila. Aliishika tu huku akiutazama ubao. Elfu kumi na moja na ushei, na njiwa kumi na wawili bado.

Baada ya mapumziko mambo yalikwenda mbio. Elfu kumi na mbili. Uza tena. Elfu kumi na tatu. Mtu mmoja alinunua kikapu kitupu. Mwingine alinunua filimbi ambayo Norman aliitumia kuwaita ndege wake, akampa Bev mkononi, na Bev akalazimika kusema asante huku meno yameumana.

Ubao ukasoma elfu kumi na nne na mia mbili.

"Na sasa," Ossie alisema, na sauti yake ikawa ya kanisani, "anakuja Jean."

Watu walivua kofia.

Jean ni lile jike la buluu lililoruka kutoka Bourges, huko Ufaransa, siku ya upepo mkali, likatua Craghope kabla ya jua kuzama, wakati ndege wa kaunti nzima walikuwa bado hawajulikani walipo. Norman alimpa jina la marehemu mkewe. Jean mwanamke na Jean njiwa, mzee alizungumza nao kwa sauti ileile.

Ossie alimshika kwa mkono mmoja, miguu yake katikati ya vidole. Mkono wa pili ulishika nyundo.

"Elfu mbili na mia sita," alisema Terry Coxon.

Bei yenyewe haikuwa ya ajabu kwa ndege huyo. Ajabu ilikuwa namba. Bev aliijua namba ile kama jina lake. Ndilo deni lake lote, riba na mazao ya riba.

Terry aligeuka, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Sitoi taslimu. Bi Stobbs ana ndege, mimi namdai pesa. Namchukua ndege wake, nampa jina jipya, na deni linakufa. Dawa ya deni ni kulipa, au nimekosea?"

Minong'ono ilianza. Kumbe binti wa Norman ana deni kwa Coxon. Keith alikuwa anatazama ndani ya glasi yake kana kwamba kuna mtu amezama humo.

Lakini Bev, wasomaji wangu, Bev alikuwa anapiga hesabu. Jean akienda kwa Terry, deni linakufa na hakuna hata pauni moja inayoingia. Ubao unabaki elfu kumi na nne na mia mbili. Waliobaki baada ya Jean ni makinda mawili tu. Posho inapungua, ndiyo, lakini haikatiki. Pango linalipwa.

Alikuwa anamwombea Terry Coxon ashinde. Alimwombea kwa moyo wote, mtu ambaye jana alikuwa anamwombea ateguke mguu.

"Namuuza kwa Coxon mara ya kwanza," Ossie alisema kwa kinyaa. "Mara ya pili..."

"Elfu mbili na mia saba."

Albert Garrod alikuwa amesimama. Shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Taslimu," aliongeza. "Na nikimpata, uza tena. Jean wa Norman haendi kulala kwenye banda la mla riba nikiwa hai."

Makofi yaliyopigwa hapo yalitikisa mataa. Mwingine akapaza sauti, elfu mbili na mia nane. Mwingine, elfu tatu. Wazee walichangishana safu kwa safu, kofia zikapita. Kila walipomwona Terry anakunja uso, walizidi kupandisha.

"Albert, acha," Bev alisema.

Hakusikika.

"Albert!"

"Usihofu, mwanangu. Tupo."

"Hilo ndilo tatizo langu. Mpo."

Alisimama juu ya kiti. Keith alimshika pindo la gauni na kusema, "Bev, tafadhali," kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia hata siku walipozaliwa watoto. Bev alimtazama. Alimwonea huruma, kisha akakumbuka kuwa huruma ya Keith hailipi pango. Mficha uchi hazai.

"Naomba mnisikilize. Mimi na Keith hatuna fidia yoyote. Tunaishi kwa posho ya serikali. Nyumba inalipwa na serikali, chakula kinalipwa na serikali, na viatu hivi nimeazima. Nikivuka elfu kumi na sita wanakata yote, na nikirudi kuomba hawanipi nilichokuwa nacho. Mnanipa pesa za mwaka mmoja na mnaninyang'anya za miaka yote iliyobaki. Nimekaa hapa tangu mchana nawaona mnavyotoa vya mwisho mlivyonavyo, na kila mkitoa nataka kulia, na si kwa furaha. Mmechoma pesa zenu na mmenichoma na mimi. Basi. Nimemaliza."

Aliposhuka kwenye kiti hakujua aweke wapi mikono.

Kisha Keith, polepole kwa sababu ya mgongo, alisimama.

"Ni kweli," alisema. "Uongo wa fidia ni wangu. Yeye alitaka kusema tangu zamani."

Albert Garrod alikaa chini kwa uzito, kiti kikalia. "Kwa nini hukutwambia, mtoto wa watu? Nusu ya waliomo humu wanaishi kwa posho. Mimi mwenyewe nilidhani niko peke yangu."

Kicheko kilipita, kidogo na cha aibu. Halafu Albert alikohoa.

"Ossie. Yule ndege wangu wa treni. Niliposema mia tatu, nadhani ulinisikia vibaya. Nilisema thelathini."

Ossie alimtazama juu ya miwani. "Thelathini?"

"Masikio yako yamezeeka."

"Na mimi yule mwenye kikohozi," yule mama wa nyuma aliinuka, "nilisema kumi na tano. Siwezi kulipa mia na hamsini kwa ndege mgonjwa, mimi si mwehu."

Basi ukumbi mzima ukashika. Huyu alisema ishirini, yule alisema kumi, mwingine alidai hakuwa mnadani kabisa, alikuwa amekwenda msalani na mkono ulioinuka haukuwa wake. Ubao wa bingo ulianza kurudi nyuma. Elfu kumi na nne. Elfu kumi na mbili. Elfu tisa. Watu walipigia makofi zaidi kila namba iliyoshuka kuliko walivyozipigia zilizopanda.

"Na Jean?" Ossie aliuliza.

Albert aliuma meno. "Mpe Coxon. Deni life. Norman atanisamehe."

Bev alicheka. Alicheka na kulia, akajipangusa kwa leso ya karatasi yenye harufu ya siki. Tangu Krismasi hakuwa amepumua vile.

Na hapo ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka.

Janine alitoka amevaa aproni, upawa wa njegere bado mkononi. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Bev," alisema. "Natamani nisingesikia."

"Usingesikia nini, mpenzi?"

"Baba hapendi nitangaze kazi yangu humu. Watu wananuna." Aliushusha upawa. "Nafanya kazi ofisi ya posho. Mjini. Dawati langu ndilo linaloshughulikia Craghope."

Ossie alishusha nyundo kidogo. "Janine, rudi jikoni."

"Baba, ungenifungia jikoni mapema. Bev, walipokuwa wanapandisha bei, hilo halikuwa kosa lako. Pesa zingekuja, ungeandika zimekuja, basi. Lakini kuzishusha makusudi ili ubaki na posho ndicho kitu chenyewe tunachokitafuta. Siku zote shida yetu ni kuthibitisha nia. Mtu hasemi nia yake." Macho yalimjaa machozi. "Wewe umesimama juu ya kiti ukaisema. Wanaweza kuhesabu kila pauni iliyokuwa ubaoni kama unayo mfukoni. Posho ikatwe, na pesa zenyewe huna."

Soma tena maneno hayo, ndugu msomaji, maana Bev aliyasikia mara moja tu na yalimtosha. Pesa amezikataa. Posho itakatwa kwa kuzikataa.

"Huwezi kumfanyia hivyo," Albert alisema. "Huyu ni binti wa Norman."

"Na mimi ni binti wa Ossie, Mzee Albert, na nina mtoto na kazi moja. Wakijua nilikuwepo nikanyamaza, naondoka na mimi." Alimgeukia baba yake. "Nyundo umeshagonga kwa bei hizi mpya? Kama hujagonga, hakuna kilichoshushwa bado. Rudisheni bei zenu zilivyokuwa, baba auze kihalali, tuone cha kufanya. Umegonga, baba?"

Ukumbi wote ulimgeukia Ossie. Jean alikuwa bado kwenye mkono wake wa kushoto, anageuza kichwa huku na huku. Nyundo ilikuwa hewani katika mkono wa kulia.

"Bado," alisema Ossie. "Bado sijagonga."

"Umegonga."

Terry Coxon alikuwa ameinuka. Aliweka kadi ya deni la Bev mezani, akaipasua vipande viwili, na kunyoosha mikono kumpokea Jean.

"Umegonga kwa bei zilizoshushwa, na huyu ndege ni wangu kihalali. Masikio yako yamezeeka, wamesema wenyewe. Mimi nimesikia, na si mimi peke yangu." Aliutazama ukumbi taratibu. "Nani mwingine amesikia nyundo?"

Wazee walitazama viatu vyao. Bev alianza kupumua.

Kisha, pembeni yake kabisa, karibu kiasi cha kuhisi joto la mwili, mkono mmoja ukainuka.

Ulikuwa wa Keith.

"Asante, Keith," alisema Terry Coxon. "Nilijua hutasahau tulivyokubaliana."